Sauti ya Juu ya Vijana wa Mori: Maisha ya Mzee Nikanori Okech Ogada (1943–2012)

Mzee Nikanori Okech Ogada, ambaye leo Jumamosi tarehe 9 Juni 2012 tunamsindikiza, alizaliwa hapa Nyamisangura, Tarime, tarehe 11 Februari 1943, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Ogada. Ulikuwa mwaka wa njaa, na ndiyo sababu akaitwa Okech. Mwenyewe alipenda kusema kwamba njaa ile haikupata kumtoka, na wote waliowahi kumpakulia ugali wanajua kwamba hakuwa anatania.

Alianza shule mwaka 1951 na kumaliza darasa la nane katika shule ya kati mwaka 1959. Hesabu alizimudu vizuri. Kwenye kwaya alifukuzwa mara mbili, si kwa kukosa sauti, bali kwa sababu alipanda juu ya kila mtu, mwalimu akiwemo. Mwaka 1960 baba yake alimvusha mpaka kwenda Kisumu kwa mjomba wake, Olima, aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza redio na gramafoni, ili ajifunze kazi. Kazi hakujifunza. Wateja walileta santuri za kujaribia mashine zao, na kati yake zilikuwepo za vijana wa Kimarekani, wanne au watano, walioimba karibu bila ala yoyote. Mmoja alikwenda juu kabisa, wengine wakamshikilia katikati, na wa mwisho akatembea chini kwa besi, dum-dum-dum, bila neno hata moja. Siku Okech alipowasikia mara ya kwanza alisahau chuma cha kulehemu mkononi, na kovu la siku hiyo alikuwa nalo kwenye kidole gumba mpaka anafariki. Mjomba alivumilia miaka miwili kasoro, kisha akamwambia, "Omera, ndugu yangu, rudi kwenu. Wewe unatengeneza masikio yako, redio za watu hutengenezi."

Alirudi Desemba 1961, nchi ikiwa kwenye shamrashamra za uhuru, akiwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono na santuri saba ndani ya blanketi. Kabla mwezi haujaisha alikuwa na kikundi. Sauti ya pili alikuwa Kornelio, ya tatu Simioni, wote majirani. Besi alikuwa Waisiko Mseti, kijana wa Kikurya aliyepakia magunia kwenye ghala la kahawa, mtu mrefu, mwenye haya, ambaye hakuongea kwa sababu kila akiongea watu waligeuka kutazama sauti ile imetoka wapi. Walijiita Vijana wa Mori, kwa jina la mto wetu. Waliweka maneno yao wenyewe, ubeti mmoja kwa Kidholuo, mmoja kwa Kikurya, mmoja kwa Kiswahili, na ugomvi wa nani aanze haukuwahi kuisha. Besi peke yake haikugombaniwa, maana haikuwa na maneno.

Mazoezi waliyafanya ndani ya tangi la maji la saruji nyuma ya ghala, ambalo kiangazi lilikuwa tupu. Okech alikuwa amegundua kwamba mle ndani watu wanne walisikika kama wale wa kwenye santuri. Siku moja mlinzi, bila kujua, alifungulia maji. Watatu walitoka mbio. Waisiko alibaki ndani hadi wimbo ulipoisha, maji yakiwa kiunoni, akatoka na kuwauliza kwa upole kwa nini wamemwacha katikati. Hadithi hii Mzee Okech aliisimulia kwa miaka mingi na kucheka hadi machozi. Baada ya mwaka 1991 hakuisimulia tena, nasi watoto hatukujua kwa nini.

Mwaka 1963 aliajiriwa kuwa karani wa ghala hilohilo. Jumamosi kikundi kiliimba kwenye harusi kuanzia Sirari hadi Mugumu, wakiwa na mashati manne yaliyoshonwa kwa kitambaa kimoja cha pazia. Kwenye mojawapo ya harusi hizo Jerioth Akech alikuwa jikoni anasonga ugali, akasikia besi ikipita ukutani. Kijana mmoja alipoingia kuomba maji, akamwuliza ile sauti nzito ni ya nani. Okech alijibu, "Ni mimi hapa, nimechoka kidogo tu." Walifunga ndoa tarehe 20 Agosti 1966. Siku hiyo Waisiko aliimba mbele ya bwana harusi, na bibi harusi akasikia kwa masikio yake. Mama Jerioth amesema tuandike kwamba alifikiria kuondoka, lakini pilau ilikuwa imeshaiva. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Kazi ya ghala iliisha mwaka 1987, chama cha ushirika kilipoyumba na makarani wakarudishwa nyumbani. Miaka miwili baadaye habari za dhahabu zilikuwa kwenye kila kinywa. Walimu waliacha chaki, wachungaji wa ng'ombe waliacha ng'ombe, na Vijana wa Mori, ambao wakati huo walikuwa na vipara na wajukuu, walichukua sururu wakaenda kwenye machimbo ya Nyabosongo. Walichimba duara lao wenyewe, yaani shimo la dhahabu, pembeni, ng'ambo ya kijito. Mama Jerioth alimwambia, "Una miaka arobaini na sita, unaenda kujifukia?" Akamjibu kwamba anaenda mwezi mmoja tu.

Chini ya duara adui wa kwanza ni hewa chafu. Wenzao walishusha mshumaa na kutazama kama unazimika. Hawa wanne walikuwa na njia yao. Waisiko, ambaye alikuwa na nguvu kuliko wote, alishuka na sururu, na watatu wa juu walipiga winchi ya kamba huku wakiimba. Kila baada ya mstari waliacha nafasi, na Waisiko akajibu kwa besi kutoka chini. Besi ikija nzito, yuko salama. Ikidhoofika, wanamvuta juu haraka. Isipokuja kabisa, wanamvuta bila kuuliza. Mara mbili njia hiyo iliokoa maisha yake. Na duara lilikuwa na mwangwi mzuri, kama tangi. Okech alimwambia mkewe kwamba hawakuwahi kuimba vizuri namna ile, hata walipokuwa vijana, na kwamba wachimbaji wengine walikuja kukaa kwenye udongo wakati wa chakula ili wasikilize. Tunaamini kwamba miaka ile miwili, pamoja na vumbi lake, ilikuwa miaka ya furaha kwa baba yetu.

Jumatano tarehe 14 Agosti 1991, saa nne asubuhi, ukuta wa duara ulibomoka Waisiko akiwa chini. Familia na majirani siku zote mmesikia kwamba alikufa palepale, bila kuteseka. Ndivyo baba alivyomwambia mjane wa Waisiko, Mama Rhobi, siku hiyohiyo, na Kornelio na Simioni walisimama pembeni wakaitikia kwa vichwa. Wote wawili sasa ni marehemu. Haikuwa kweli. Yanayofuata ni maneno ya Mzee Okech mwenyewe aliyompa binti yake Amondi tarehe 21 Mei mwaka huu, akaagiza yasomwe mbele ya kaburi lake na mbele ya Mama Rhobi.

Vumbi lilipotulia, Okech alilala kifudifudi kwenye mdomo wa duara na kuimba mstari. Besi ikajibu. Kornelio na Simioni wakaanza kuchimba pamoja na watu wa maduara ya jirani, naye akaendelea kuimba ili wajue mwenzao yuko upande gani. Kila mstari ulijibiwa. Aliimba tangu saa nne hadi saa saba, nyimbo zote walizozijua, na nyingine akazirudia. Ndipo mchimbaji mmoja mzoefu, mgeni aliyetoka machimbo ya mbali, akamshika bega akamwambia, "Mzee, unamuua. Kila ukiimba anakujibu, na kila akijibu anamaliza hewa yake."

Baba alisema hapo ndipo dunia ilipomwishia. Akiendelea kuimba, Waisiko atajibu, kwa sababu kujibu ndiyo ilikuwa sheria yao, na hewa itakwisha. Akinyamaza, Waisiko ataelewa nini? Hawakuwahi kuwa na wimbo wa kumwambia mtu anyamaze. Kupiga kelele za maneno kulikuwa kazi bure, kwani ni sauti za kuimba tu zilizopenya udongo ule. Alimwuliza mgeni afanye nini, naye akasema, "Mimi nimekwambia ninalojua." Alimwuliza Kornelio, Kornelio akaendelea kuchimba huku analia. Basi akanyamaza.

Chini kulikuwa kimya kidogo. Kisha besi ikaanza yenyewe. Waisiko aliimba sehemu yake, akaacha nafasi ya wenzake, akasubiri, akaimba tena. Baba alikuwa amelala palepale, sikio kwenye udongo, ameziba mdomo kwa mikono yake miwili. Anasema ilichukua kama nusu saa. Mara ya mwisho nafasi ilikuwa ndefu, akafikiri imekwisha, halafu ikaja tena kidogo.

Walimfikia saa kumi na moja jioni. Waliomtoa walisema alikuwa kwenye uwazi chini ya mwamba mkubwa, na hewa mle ilikuwepo ya kutosha. Kilichomuua ni mguu uliopondwa na damu iliyotoka. Kunyamaza kule hakukumsaidia chochote.

Kuanzia siku hiyo Mzee Okech hakuimba tena. Kanisani alishika kitabu cha nyimbo wazi na kusoma kwa macho, na mchungaji alidhani ni uzee. Hakushuka tena kwenye duara, lakini hakuondoka machimboni pia. Alihamia kwenye karasha la kusagia mawe akavuta vumbi hadi mwaka 1998. Tulimsihi arudi nyumbani. Mama alimfuata mara nne. Kila mara alisema bado wiki mbili. Hatukuweza kumtoa, na leo hatuwezi kudai kwamba tulielewa alichokuwa anakitafuta kwenye vumbi lile.

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 2006. Alizunguka hospitali Tarime, Musoma na Mwanza, na kote majibu yalikuwa kwamba mapafu yaliyojaa vumbi la mawe hayana dawa ya kuyasafisha. Machi mwaka huu Amondi, ambaye anafundisha Mugumu, alimchukua akakae karibu na hospitali ya huko. Mama Rhobi anaishi Mugumu pia. Akawa anakuja kila siku ya Jumanne na Ijumaa na chupa ya uji wa wimbi, anakaa kwenye ukingo wa kitanda, anamnywesha kwa kijiko, anamwita shemeji. Baba alikuwa anafungua mdomo kusema, pumzi inakata, anageukia ukuta. Mama Rhobi akawa anamfuta jasho na kusema, "Usijilazimishe, tutaongea ukipona." Ilikuwa hivyo wiki kumi. Akiondoka, baba alilia bila sauti, na sisi tulidhani ni maumivu, tukamwita nesi.

Tarehe 21 Mei alimwambia Amondi kila kitu, kwa vipande, kuanzia asubuhi hadi mchana. Alisema, "Nimeshindwa kumwambia akinitazama. Mtamsomea mimi nikiwa nimelala." Alirudishwa nyumbani Nyamisangura tarehe 30 Mei, na akafariki Jumapili tarehe 3 Juni, saa mbili asubuhi, mkono wake ukiwa kwenye mkono wa mkewe. Alikuwa na miaka 69.

Familia ilikaa kikao. Wapo waliosema agizo la marehemu halivunjwi. Wapo waliosema ni ukatili kumwambia mama wa watu jambo kama hili mbele ya umati. Tulibishana siku tatu tukashindwa, na mwishowe tukaona angalau asikie kwanza akiwa kwake. Alhamisi Mama Jerioth, mwanawe Olima na Amondi walikwenda Mugumu. Walimwamkia, wakaketi, Amondi akasoma hadi mwisho.

 Mama Rhobi akasema, "Msome. Ni maneno yake, mimi siwezi kuyazuia." Mama Jerioth akaanza kuomba msamaha kwa niaba ya mumewe, naye akamkatiza kwa mkono. "Ngoja, mke mwenzangu. Nina swali moja tu. Hiyo nusu saa, alikuwa anaimba tu, au alitaja mtu?"

Amondi alitazama karatasi yake. Jibu halikuwepo. Akasema, "Mama, sijui. Hakusema."

"Basi kamwulizeni," alisema Mama Rhobi, na kabla hajamaliza akawa ameshajua alichosema.

Kuanzia tarehe 21 Mei hadi tarehe 3 Juni Mzee Okech alikuwa hai, na siku nyingine alikuwa na pumzi ya kujibu. Amondi alikaa naye siku zote hizo. Alimwuliza kama anataka maji, kama mto uko sawa, kama ageuzwe. Hilo hakumwuliza. Halikumjia.

Marehemu ameacha mjane, Jerioth Akech. Watoto watatu, Olima, Amondi na Godwin. Wajukuu kumi na mmoja, vitukuu wawili. Na dada mmoja, Elieth, aliyeko Migori. Ameacha pia Mama Rhobi Waisiko, ambaye leo amekubali kukaa safu ya mbele pamoja na familia. Mama, swali lako tumekuja nalo hadi hapa, na mtu pekee aliyekuwa na jibu ndiye huyu tunayemshusha.

Mungu ampe Mzee Okech pumziko ambalo hakulipata tangu siku ile, na Waisiko pia.