Upara wa Simba

— Wewe, ulishawahi kuona simba mwenye upara?

Swali lilimpata Kinyozi kabla hajakaa vizuri. Benchi lilikuwa ubao juu ya matofali nje ya banda la kuziba matairi, na asubuhi hiyo kila aliyeshika kikombe cha kahawa alikuwa daktari wa wanyama. Habari ilikuwa moja: yule simba wa sarakasi, ambaye Mama Simba alimchukua akiwa mifupa na ngozi, akamfundisha upya kuwinda ili arudi porini, ameamka hana manyoya ya shingoni hata unyoya! Mama huyo kalea simba maisha yake yote. Mumewe alihama siku alipokuta mtoto wa simba kalalia mto wake.

— Ni mawazo, alisema Pancha, mziba matairi. Ulishwe bure miaka nenda miaka rudi, halafu uambiwe kajitegemee! Utabaki na nywele?

— Ni hewa, alisema Profesa, aliyekijua chuo kikuu kwa kupaka rangi milango yake. Wahenga walisema jogoo wa shamba hawiki mjini. Yaani manyoya ya porini hayashiki mjini.

— Kwani jogoo ana upara?

— Kile kishungi chekundu unadhani ni cha nini? Kofia!

— Kinyozi, nywele ni fani yako. Mbona kimya kama maji ya mtungi?

— Kahawa ya moto, alisema Kinyozi. Ilikuwa imepoa zamani.

— Basi mimi nasema yule ni jike, alisema Pancha. Kule sarakasini walimvalisha wigi. Sasa limedondoka.

Benchi lilikuwa bado linaitafakari hoja hiyo kwa heshima Mama Simba alipotokea, macho mekundu, buti zimejaa tope.

— Kaka zangu, daktari anasema ni ugonjwa wa kuambukiza. Jioni anakuja na sindano, mwanangu alale asiamke. Nauliza tu: nani ameona kitu pale kwenye uzio?

Profesa akakohoa.

— Dada, wahenga walisema haba na haba...

— Sijawauliza wahenga.

Kinyozi aliukumbatia mkoba wake wa mashine. Akinyamaza, jina lake litapona na simba atakufa. Akisema, nani tena atampa kichwa chake?

— Hauambukizi, alisema.

— Nini hakiambukizi?

— Si ugonjwa, dada. Jana jioni nilikuja kuwanyoa walinzi wako. Yeye kalala pale, anatutazama tangu mtu wa kwanza. Walinzi walipokwenda kula akasogea, akabandika shingo kwenye waya, nywele zote zikatokeza kwangu. Akafumba macho.

— Ukafanyaje?

— Nywele nilizifagia, hata sikuacha uchafu...

— Kaka, ukafanyaje?

— Nilimnyoa. Alisubiri foleni kama wenzake, zamu yake ikafika.