Fundi Piano Aliyeingia Kumbi Zikiwa Tupu

Rasimu ya kwanza ya wasifu huu imechanwa. Mpwa wa marehemu, aliyekabidhiwa kazi ya kuuandika kwa kuwa ndiye aliyefika chuo kikuu, alikuwa ameandika kwamba mjomba wake "aliyapenda maisha ya mjini", ambayo ni adabu tu ya kusema kwamba alipenda starehe kuliko ndugu zake. Ndivyo ukoo mzima ulivyoamini. Mtu aliyeshinda miaka hamsini katika mtaa wa kumbi za muziki, klabu na baa za juu ghorofani, mtaa ambao hata walinzi wa milangoni huvaa suti, angekuwa nini kingine? Alibandikwa jina la Bwana Kumbi, naye hakulikanusha. Mwandishi alikosea, na kosa hilo halifutiki kwa kubadilisha karatasi. Dada wa marehemu, mama yake mwandishi, ameketi hapa mbele yenu na swali moja: je, kaka yake alimsikia?

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1954, katika vyumba viwili vilivyokuwa nyuma ya karakana ya baba yake, fundi seremala. Mama yake alikuwa mshonaji. Kifungua mimba wao alifariki akiwa mchanga, hivyo wakakua wawili tu, yeye na dada yake mdogo. Dada yake anakumbuka kwamba akiwa na umri wa miaka sita, marehemu aliweza kuipiga misumeno ya baba yao kwa ukucha, mmoja baada ya mwingine, na kusema upi umekufa makali. Baba hakuamini mpaka alipojaribu kukata ubao kwa ule uliolaumiwa.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1961 hadi 1968, na sekondari kwa miaka miwili. Hesabu ilimtii, lugha ilimpiga chenga. Shuleni kulikuwa na piano kuukuu iliyogeuzwa meza ya kuwekea madaftari. Siku moja aliifungua bila ruhusa, akatoa ndani yake penseli tatu, kitana na panya mkavu, kisha akaigonga ikalia. Alichapwa na mwalimu kwa kuifungua, na wiki iliyofuata mwalimu huyo huyo akampeleka kwa fundi mzee wa piano aliyekuwa akitafuta mwanafunzi. Hiyo ilikuwa Januari 1971. Hakurudi darasani tena.

Kuanzia mwaka 1974 alifanya kazi peke yake, na karibu kazi yote ilikuwa katika barabara tatu za mtaa ule: jumba la maigizo, ukumbi mkubwa wa muziki, klabu mbili, na hoteli yenye baa ghorofa ya mwisho. Watu waliuona mtaa huo umejipamba. Yeye aliujua ukiwa umetoka kuamka, bado haujanawa uso. Aliingia saa tatu asubuhi kwa mlango wa nyuma, viti vikiwa vimepinduliwa juu ya meza, sakafu ikinata kwa vinywaji vilivyomwagika jana yake, taa moja tu ikiwaka jukwaani. Aligonga kitufe kimoja mara arubaini, akakaza uzi kwa kiasi ambacho jicho halioni, akagonga tena. Saa sita alifunga mkoba wake akaondoka. Waliokuja baadaye kupiga makofi hawakujua kama yupo.

Mara moja alipewa tiketi ya kiti cha mbele. Alitoka wakati wa mapumziko. Alipoulizwa kulikoni, alijibu, "Mimi pale ni kama mpishi kwenye karamu. Wenzangu wanakula, mimi naonja chumvi tu."

Tarehe 8 Agosti 1981 alifunga ndoa na karani wa tiketi wa jumba la maigizo. Yeye alitoka nyumbani asubuhi na kurudi mchana. Mkewe alitoka alasiri na kurudi kila mtu akiwa amelala. Walikutana ngazini, mmoja akipanda na mwingine akishuka, wakapeana funguo na habari za mboga. Ndoa hiyo ilidumu miaka kumi na mitano, lakini mwenyewe alikuwa akisema kwamba ukiipima kwa saa walizokaa pamoja, haifiki mitano. Hawakujaliwa watoto. Mkewe alifariki tarehe 2 Novemba 1996, na kwa muda mrefu marehemu aliendelea kufunika sahani ya pili mezani kabla hajaenda kulala. Hili mwandishi aliliona kwa macho yake alipokuwa mwanafunzi na kulala pale wiki moja. Aliliona, akala chakula hicho, asiulize.

Kuanzia takriban mwaka 2009 marehemu alianza kujitenga. Alifika kwenye shughuli za ukoo akiwa amechelewa, akakaa pembeni karibu na mlango, akatabasamu na kila mtu, kisha akatoweka kabla ya chakula. Simu hakupokea. Katika harusi ya mpwa wake wa kike, mwaka 2011, dada yake alimfuata mpaka nje.

"Kaka, hata simu ni mzigo? Sisi tumekuwa vumbi kwako?"

Marehemu alimtazama usoni kwa makini, kama mtu anayesoma tangazo la mbali. "Haya, dada," alisema.

"Haya nini? Hicho kiburi utazikwa nacho!"

Maneno hayo yalisemwa, na wengi waliopo hapa waliyasikia na kuyaunga mkono, mwandishi akiwemo.

Alhamisi iliyopita, mpwa anayeandika haya alikwenda kwenye ukumbi wa muziki kuomba picha ya mjomba wake akiwa kazini. Alimkuta msafishaji wa ukumbi, mama wa makamo, akipiga deki mbele ya jukwaa.

"Wewe ndiye yule mpwa msomi?" aliuliza bila kusimamisha kazi.

"Ndiye mimi, mama."

"Pole kwa msiba. Alisema una kalamu nyepesi na masikio mazito." Akaegemeza fimbo ya deki. "Lakini mwenye masikio mazito alikuwa yeye."

Ndipo aliposimulia. Mwaka 2008 sauti nyembamba kabisa, zile za mwisho upande wa kulia wa piano, zilianza kumfia marehemu. Fundi piano asiyesikia ni sawa na dereva asiyeona, na marehemu alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Akamfundisha msafishaji. Yeye aligonga na kukaza. Msafishaji alisimama kando, mkono juu. Sauti ilipokuwa ikitetemeka, mkono ulibaki juu, ilipotulia, aliushusha.

"Siku ya kwanza nilimwambia, fundi, mimi najua fagio tu. Akanijibu, 'Na hilo fagio mbona unalisikia likigonga kiti changu?' Miaka kumi na mitano, mwanangu. Meneja wamepita watano, hakuna aliyejua."

"Mbona sisi hakutuambia?"

"Angewaambia nyinyi, mngenyamaza? Na mkikaa kumi mkaongea kwa mpigo, yeye alisikia kama kokoto kwenye debe. Anatoka nje kupumzisha kichwa. Mnasema kiburi."

Mpwa aliuliza kama anaruhusiwa kuyasema haya makaburini.

"Sema. Sasa hawezi tena kufukuzwa kazi."

Moyo wa marehemu ulianza kuchoka Oktoba 2022. Miguu ilivimba, na ngazi zikawa mlima. Hata hivyo hakuacha kazi hadi Februari mwaka huu. Alilazwa tarehe 20 Mei 2024. Dada yake alikuwa naye kila siku, kuanzia saa nne asubuhi hadi wageni walipotolewa wodini. Alimwomba radhi kwa maneno ya harusini. Alimweleza pia jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu mwingine, hata mwanawe. Marehemu hakujibu neno. Kila dada yake alipoanza kuongea, aligeuza uso akaelekea ukutani. Alifariki Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa nane mchana, akiwa na umri wa miaka sabini.

Dada yake alipoelezwa habari za masikio, alisema, "Kwa hiyo nilikuwa naongea na ukuta." Vitabu vyote alivyosoma mwandishi havikumpa hata sentensi moja.

Marehemu ameacha dada mmoja, mpwa wa kiume na wa kike, wajukuu wanne wa dada yake, na msafishaji wa ukumbi, ambaye ukoo unamwomba akae leo pamoja na wafiwa. Mungu ampe pumziko tulivu, na atusamehe sisi tuliomzunguka bila kumkaribia.

Sehemu inayofuata haimo katika programu mlizoshika. Imeandikwa kwa mkono asubuhi ya leo, na inasomwa kwa idhini ya dada wa marehemu.

Muuguzi wa wodi alikuja nyumbani kutoa pole. Alieleza kwamba sikio la kulia la marehemu lilikuwa limekufa kabisa, lakini la kushoto lilikuwa bado linashika sauti nene ya mtu mmoja akiwa karibu. Kila asubuhi aliwaomba wauguzi waweke kiti cha dada yake upande wa kushoto wa kitanda. Kugeukia ukuta ndiko kulikomwelekezea dada yake sikio hilo.

Kisha muuguzi akauliza, "Samahani, kaka, ile cherehani ilikuwa na kisa gani? Jioni moja alicheka peke yake mpaka tukamkimbilia."

Mwaka 1987 cherehani ya marehemu mama yao ilitoweka nyumbani, na ukoo wote uliambiwa kwamba imeibiwa. Dada yake ndiye aliyeitoa, akampa jirani aliyefukuzwa na mumewe akiwa hana kitu. Hiyo ndiyo siri aliyoisema pale kitandani.

"Alisema nini?" mpwa aliuliza.

"Alisema, 'Leo ameniambia mwenyewe. Mimi nilijua tangu siku ile. Mwizi gani anabeba cherehani anaacha redio?'"