Scovia Aliyenyimwa Maji ya Robine

Amahoro kwenu, wasikilizaji wapendwa. Aliye na sufuria jikoni apunguze moto, aliye na redio ndogo kama yangu aisogeze karibu. Leo tunamkumbuka mwanamke mmoja. Jina lake Scovia. Alikuwa mkaushaji wa ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, ufukoni kusini mwa Rumonge, kabla hujafika Kigwena. Amefariki Ijumaa iliyopita akiwa na miaka hamsini na tano. Wanasema ni kipindupindu. Sawa, ni kipindupindu. Lakini kipindupindu nacho kilikuwa na wenyeji, na walikikaribisha vizuri. Nitawaambia ni akina nani, kwa hiyo usinigusie hicho kitufe cha redio.

Scovia aliondoka Burundi mgongoni mwa mama yake, mwaka wa sabini na mbili. Alikulia Tanzania katika makazi ya wakimbizi, akaolewa huko, akafiwa na mume huko. Alirudi mwaka wa elfu mbili na nane, na binti yake Anita na sufuria mbili. Shamba la baba yake alilikuta limeota nyumba ya mtu mwingine. Hakugombana. Alishuka ziwani kutafuta pa kuanika samaki, na kila kipande cha mchanga kilikuwa na mwenyewe.

Hapo ndipo Fahima alipomwona. Fahima ni Mwislamu, babu yake alivuka kutoka Kongo zamani za Wabelgiji. Alimkatia nusu ya mchanga wake. Akamwambia, "Anika hapa, mama. Ukiniibia nitakuona tu, pua yako iko kwenye ndagala zangu."

Wakakaa hivyo miaka kumi na saba.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, mlio mbali na ziwa niwaeleze. Ndagala mbichi hazingoji ibada. Jua likiwaka lazima zigeuzwe kwa fagio, mara tatu, mara nne, la sivyo zinaungua juu na kuoza chini. Kwa hiyo wanawake wa ufuko ule walikuwa na utaratibu wao. Ijumaa, Wakristo wanageuza ndagala za Waislamu walio msikitini. Jumapili, Waislamu wanageuza za Wakristo walio kanisani. Ijumaa Scovia kwa Fahima, Jumapili Fahima kwa Scovia. Hakuna aliyeandika sheria hiyo. Ilikuwapo kabla yangu, na mimi ni mzee kuliko barabara ya lami.

Ndipo akaja Lameki. Alijiita mtume. Mimi nilisoma mpaka darasa la sita tu, lakini mitume niliofundishwa walikuwa kumi na wawili, na sikusikia hata mmoja aliyevaa miwani ya jua ndani ya kanisa. Aliimba vizuri, siwezi kumnyima hilo. Watu walijaa. Na penye watu wengi, wanasiasa hunusa kama paka.

Shefu wa kilima chetu, yaani mwenyekiti wa kijiji, alikuwa anatafuta kuchaguliwa tena. Lameki akampandisha madhabahuni, akamwekea mikono kichwani, akasema huyu ndiye chaguo la Bwana. Bwana hakuulizwa. Shefu akashinda. Akashukuru kwa kitu ambacho hakikuwa chake: robine, bomba letu la maji.

Robine ile ni ya watu wote. Mradi uliijenga pale ufukoni ili tuache kunywa maji ya ziwa. Shefu akatoa ufunguo, akampa Lameki, eti kanisa litaitunza vizuri. Baada ya wiki mbili zikatoka kadi za kijani zenye muhuri wa kanisa. Ukiwa na kadi, unachota. Bila kadi, ziwa lile pale. Na ili upate kadi, unasimama mbele ya kanisa unatamka kwamba umejitenga na wasioamini: huli nao, hunywi nao, hugeuzi ndagala zao. Lameki alisema kugeuziana samaki ni agano na mashetani.

Msidhani upande wa pili walilia. Kulikuwa na kijana mmoja, Jamali, amerudi kutoka masomo ya nje na kanzu fupi. Naye akawaambia Waislamu wenzake kwamba ni vizuri, heri kunywa ziwa kuliko kushukuru makafiri. Yeye mwenyewe alikuwa anakunywa maji ya chupa. Hao wawili, Lameki na Jamali, wangekaa meza moja wangepatana kama mapacha.

Scovia aliitwa mbele Jumapili. Anita binti yake alikuwapo, ndiye aliyenieleza. Lameki alimwuliza kama yuko tayari kuacha kila kitu kwa ajili ya Yesu. Scovia akauliza kama ni Yesu aliyelalamika juu ya Fahima, au ni shefu. Watu wakacheka, kisha wakakumbuka hawaruhusiwi. Lameki akamwambia atamke tu maneno, ni mafupi.

Scovia akajibu, "Mimi ninajua kukataa kitu kibaya, Mtume. Fahima hapana kitu kibaya. Sasa nitakataa nini?"

Akarudi kuketi bila kadi. Kumbukeni hilo, wasikilizaji. Maneno mafupi angeyasema, angekunywa maji safi. Hakuyasema.

Miezi mitatu alikunywa maji ya ziwa pamoja na Fahima. Waliyachemsha. Mvua ilipokuja, kuni zikalowa, siku nyingine hawakuchemsha.

Ijumaa iliyopita tumbo lilimshika alfajiri. Alificha. Ilikuwa zamu yake kwa Fahima. Anita alimsihi alale, naye akasema Fahima akirudi kutoka msikitini akute ndagala zimeoza, atamwambia nini? Akageuza mara moja, akageuza mara ya pili. Mara ya tatu hakuimaliza. Fahima alimkuta ameanguka, fagio bado mkononi.

Fahima alikuwa na ile poda ya chumvi na sukari. Poda inataka maji safi, na kuchemsha ni kungoja. Anita akakimbia robine.

Mlinzi akamwuliza kadi. Anita akasema mama anakufa. Mlinzi akasema amwendee Mtume. Lameki alikuwa na shefu, mezani. Hakusema hapana, maana watu hao hawasemi hapana. Alisema mama aletwe kwanza atubu, kisha kila kitu kitafunguka. Anita akarudi mikono mitupu. Wakampakia Scovia kwenye moto, ile pikipiki ya abiria, Fahima amemshika kwa nyuma. Hawakufika kituo cha afya.

Jumamosi Lameki alitaka kuhubiri kaburini kwamba hii ni adhabu ya kutotii. Fahima akamwambia, "Baba, ondoka. Wewe iko na ufunguo wa maji, siyo wa kaburi." Akaondoka. Miwani yake alikuwa nayo.

Nimesema nitawataja wenyeji wa kipindupindu. Lameki, mmoja. Shefu, wa pili. Jamali aliyewaambia watu wanywe ziwa, wa tatu. Wa nne ni ule mstari wa watu uliokuwa robine saa ile Anita alipokuja analia. Tulikuwa kumi na mmoja. Ndiyo, tulikuwa. Mimi nilikuwa wa tatu kuchota, bido langu, dumu la plastiki, limekwisha kujaa, kadi ya kijani ndani ya kitenge. Niliitamka ile sentensi mwezi wa nane, nikajiambia ni maneno tu, Mungu anajua moyo wangu. Na Anita aliponitazama, niliangalia chini, nisije nikanyang'anywa kadi. Lita ishirini miguuni pangu. Mtoto yule alihitaji moja.

Anita, mwanangu, pole. Fahima, dada wa marehemu, maana nani mwingine aitwe hivyo, pole sana. Mungu ampokee Scovia bila kumwuliza kadi.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, mlio na kadi za kijani, za Mtume au za mwingine yeyote, kaeni leo mjiulize mlitamka nini ili mzipate, na mlimtamkia nani. Mimi yangu nimeichoma asubuhi hii chini ya chai. Kesho saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa robine na mabido mawili, langu na la Fahima. Mlinzi akinizuia nitaketi pale pale mbele ya robine. Miguu yangu ni mibovu, nikishaketi siinuki haraka. Anayetaka kupita, aje anibebe, au aje aketi.