Mwalimu Kasiani na Kamba wa Dimbwi la Chiwambo

Ndugu waombolezaji, familia imenituma niwasomee maisha ya Mwalimu Kasiani Mrope, na mtuwie radhi, kwani mjane wake, Mama Raheli, amekataa tulainishe hata neno moja.

Marehemu alizaliwa Newala tarehe 12 Machi 1929, akasoma shule ya misheni, akahitimu ualimu mwaka 1951, akafunga ndoa na Raheli tarehe 8 Agosti 1953, Mungu akawajalia Martha na Yohana. Januari 1968 alihamishiwa Msimbati, ambako katika dimbwi la Chiwambo aliwaona kamba wadogo kuliko punje ya mchele, waogeleao chali, ambao mayai yao hulala topeni dimbwi likikauka, na mvua ikirudi huanguliwa. Wataalamu waliokuja kuwatazama mwaka 1972 walisema hawajapata kuwaona penginepo, na tangu hapo marehemu hakupata usingizi.

Mwaka 1975 akatushukia Bwana Maendeleo, afisa wa serikali, suti imepigwa pasi, akatangaza ufugaji wa perege Chiwambo. Jirani yetu Bi Mastura akamweleza kwamba dimbwi hilo hukauka kila mwaka, akaambiwa hayo ni mawazo ya kizamani. Marehemu akaomba iachwe japo kona moja, akaulizwa mbele ya mkutano kama taifa litakula vidudu vyake, na wajumbe, wale wale waliozoea kunywa chai kwake, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Likaletwa katapila, likazoa tope lote na kulimwaga barabarani, likafika mchangani, na mvua iliponyesha maji yakazama kama kwenye chekeche. Perege walioletwa kwa vigelegele wakaoza pale pale, kijiji kikaziba pua, na bingwa wetu akapandishwa cheo. Watu wa namna hii hata aibu huwapita kando.

Marehemu alilia, kisha akakumbuka kwamba nyumba yake, kama zote za Msimbati, ilikandikwa kwa udongo wa Chiwambo. Desemba 1976 akabomoa ukuta wa chumba cha kulala, akaloweka udongo katika karai la maji ya mvua, mkewe akimfokea kwamba sasa watalala kama mbuzi. Baada ya siku chache akamwita aje aone, na karai zima lilikuwa likitembea. Akawahamishia kamba hao kwenye dimbwi la nyuma ya shule, wakaishi humo kila masika, hadi Julai mwaka huu, 1981, lilipofukiwa kwa amri ya bwana yule yule, ili lijengwe jukwaa la kupokelea wageni.

Marehemu, aliyeugua figo tangu 1979, hakuinuka tena, akafariki hospitali ya mkoa, Mtwara, tarehe 26 Novemba 1981.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, hasa Bi Mastura, na walimu wenzake. Nawe Bwana Maendeleo, uliyejichagulia kiti cha mbele, tunakushukuru kwa shada la maua, ambalo mbuzi wamekwisha kulianza. Mama Raheli anasema kuta tatu za chumba kile bado zimesimama, mvua ya kwanza ikinyesha atazibomoa kwa mkono wake, na udongo huo utapelekwa mahali ambapo wewe hutatajiwa.

Lala, Mwalimu. Karai limeshaoshwa.