Ndugu Winifrida Mlay na Ratili Tatu za Blanketi

Ndugu Winifrida Mlay anastaafu leo, tarehe 30 Juni 1979, baada ya miaka thelathini ya kuwapima watoto wachanga katika kliniki yetu ya wazazi hapa Kariakoo. Nusu ya makarani na wauza duka wa mitaa hii walilia mikononi mwake wakiwa uchi, na hakuna hata mmoja aliyeruhusiwa kulisahau jambo hilo.

Alifika kutoka Marangu mwaka 1949 na cheti cha ukunga na sauti isiyohitaji kipaza sauti. Kila uzito aliuandika daftarini, kwa ratili za siku zile, mbili na kidogo kwa kilo moja, pamoja na maoni ambayo hakuna aliyeyaomba: "Ana mashavu ya karani mkuu." "Baba anasema mtoto ni mzuri. Tumwachie."

Mwaka 1977 alipata wazo. Watoto wa madaftari yake ya mwanzo walikuwa wametimiza miaka ishirini na zaidi, na baadhi yao walikuwa wameanza kuijaza milango. Je, waliozaliwa wakubwa ndio walionenepa kupita kiasi? Akawasaka duka kwa duka, akawapandisha kwenye mizani mbele ya wateja. Vijana wakaanza kupita mitaa ya nyuma.

Majibu ya kwanza yalikuwa ndiyo, na yalimfurahisha mno daktari wetu, Ndugu Jitendra. Bango likachorwa, likisubiri kubandikwa: mtoto aliyezaliwa na zaidi ya ratili tisa apunguziwe uji.

Kijana mmoja tu ndiye aliyemnyima nesi wetu raha. Tarsis, muuza mashuka wa Mtaa wa Kongo, alizaliwa Februari 1957 kwa ratili kumi na moja, na sasa alikuwa mwembamba kama ufito. Ndugu Winifrida alimtuhumu kwa kuuhujumu utafiti.

Bibi Severa, nyanya wa kijana, alisikia yote akiwa ameketi juu ya gunia la maharage.

"Nesi, usimwonee mjukuu wangu. Siku ile ulimpima na blanketi langu."

"Mbona hukulivua, mama?"

"Na baridi ile?"

Sote tunaijua baridi ya Dar es Salaam mwezi wa Februari.

Kumbe akina bibi wengi kutoka Kilimanjaro walileta wajukuu wamefungwa blanketi la sufu, na Ndugu Winifrida, binti wa huko huko, hakuona ajabu yoyote. Blanketi la Bibi Severa lilipimwa: ratili tatu kamili.

Mwingine angelifunga daftari na kunyamaza. Yeye aliingia mkutanoni, akalichana bango mbele yetu, akasema: "Ndugu zangu, nimepima mablanketi. Watoto waachiwe uji wao." Ndugu Jitendra alishika kichwa.

Alianza upya, miezi minane, akiuliza nyumba kwa nyumba nani alifunikwa na nini. Waliozaliwa wakubwa walielekea unene, ndiyo, lakini kidogo tu. Na baadhi ya vimbaumbau wa daftarini ndio mabonge wa leo, hasa wanaoshinda kwenye kiti nyuma ya kaunta. Hakuna mtoto aliyenyimwa uji kwa kosa la bibi yake.

Ndugu Winifrida, tunakushukuru kwa kutuonyesha namna ya kukosea hadharani na kusahihisha hadharani. Unarudi Marangu, ambako baridi ipo kweli, kwa hiyo tumekununulia blanketi. Tumelipima: kilo mbili na nusu, na uzito huo umedariziwa ukingoni kwa uzi mwekundu. Tunakutakia miaka mingi yenye afya na joto. Ila siku utakapopanda mizani, livue kwanza.