Peremende ya Makhanu

Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, saa mbili na robo asubuhi, manyunyu yakiilowesha foleni ya basi la Nakuru, Makhanu alitafuna peremende ya mnanaa. Ulevi ulikuwa umempokonya leseni ya udereva. Leo angetahiniwa upya.

"Boss, hiyo tema," mama mmoja alimwonya. "Walevi ndio hutafuna hivyo."

"Mathe, miaka mitatu sijaonja."

"Sasa unaficha nini?"

"Mazoea tu."

"Nipumulie."

Mtu mzima kumpumulia mgeni! Makhanu aliona haya, lakini alitema, akapumua.

"Chai," mama akatangaza. "Na tangawizi imezidi."

Foleni ilicheka. Basi lilipofika, Makhanu alitaka kumlipia nauli kwa shukrani. Mama akakataa.

"Mume wangu aliendesha akiwa amelewa, hakurudi. Wewe rudi salama. Sikudai kitu."