Mashine ya Osmund Imegoma

Asubuhi ile ya Juni, baridi ya Songea iliwahi kijiweni kabla ya wenyewe. Kijiwe chenyewe ni gogo moja la mninga pale Msamala, njia ya kwenda mashineni, mbele ya jiko la kahawa la Mzee Bakili wa Tunduru. Spana, aliyeacha shule darasa la tano akidai walimu wameishiwa, alikuwa amejikunyata ndani ya koti la mtumba, mkono wa kulia mfukoni. Mkono ule ulikuwa na malengelenge. Tangu alfajiri alikuwa akizungusha hendeli ya mashine ya kusaga ya marehemu Osmund, nayo ilimkoholea tu na kunyamaza. Hilo hakulitaja. Osmund alidondoka ghafla wiki iliyopita, mtu na nguvu zake, bila kumwachia yeyote hata neno moja kuhusu ile mashine. Sasa mdogo wake, Bartolomeo, alikuwa anakuja saa nane na lori kutoka Mbinga. Akiikuta inanguruma, ibaki kwa mjane, Lidwina, na wanawe. Akiikuta kimya, anaibeba. Ndivyo ukoo ulivyokata shauri siku ya kuanua matanga, na Lidwina akaja kukiangukia kijiwe.

— Haya, fundi, mashine vipi? — aliuliza Waziri, aliyekuwa karani wa ushirika zamani, kabla ushirika haujalala na yeye kuhamia gogoni.

— Nimeiacha ipumzike, — alisema Spana. — Injini ni kama ng'ombe. Hukamui kutwa nzima.

— Na umekamua nini mpaka sasa?

— Wewe kunywa kahawa, Waziri.

— Tatizo lenu mnaangalia leo tu. Siku hizi ni soko huria, biashara inataka mpango wa mbali. Tunaunda kampuni. Osmund na Wajane Limited.

— Mjane ni mmoja.

— Kampuni inakua, bwana.

Redio alicheka. Jina lake la ubatizo ni Rupert, lakini hakuna anayelikumbuka. Alikuwa amechuchumaa jikoni kwa Mzee Bakili akiyaotesha moto mawe ya redio yake, betri mbili zilizochoka kama yeye.

— Kampuni ndogo hiyo, — alisema. — Mimi naona mashine tatu. Ya pili Ruhuwiko. Ya tatu Tunduru, ikasage korosho.

— Korosho haisagwi, mwanangu, — alisema Mzee Bakili.

— Ndiyo maana hamjaendelea, mzee wangu.

Spana akaona wanampita. Kijiwe hiki hakijawahi kumwona Spana akipitwa kwa maneno.

— Nyie mnacheza. Mimi nanunua basi. Mashine inafungwa humo humo, nyuma. Abiria anapanda Songea na mahindi yake, anashuka Tunduru na unga wake.

— Na vumbi?

— Vumbi lile lile la barabarani. Kwani sasa hivi hawalili?

— Basi lako litapigwa hendeli na nani? — aliuliza Waziri.

Spana akazamisha mkono mfukoni zaidi.

— Osmund hakuwa na mpango hata mmoja kati ya hiyo, — alisema Mzee Bakili, akimimina. — Alikuwa anafika hapa, shikamoo Mzee Bakili, ananyanyua birika langu dogo la maji ya moto, huyo. Anarudisha tupu. Mwenyezi Mungu amrehemu. Mpaka leo mkono wangu unalibandika wenyewe.

Ndipo akatokea mama mmoja na debe la mahindi kichwani, Rosemary, aliyehamia mtaa ule juzi juzi.

— Tumsifu Yesu Kristo.

— Milele amina, — waliitika wote, na Mzee Bakili wa msikitini naye ndani, maana jirani ni jirani.

— Mashine inasaga leo?

Macho yote kwa Spana.

— Imegoma, mama, — Waziri alimwokoa. — Ina msiba. Imemzoea mwenyewe.

— Inajua mkono wake, — alisema Redio. — Chuma nacho kina moyo.

Rosemary akatua debe. Maneno ya Mzee Bakili alikuwa ameyasikia tangu njiani.

— Na hilo birika alikuwa analipeleka wapi?

— Kunawa uso, — alijaribu Waziri.

— Osmund? — alicheka Redio.

— Basi chai.

— Ina maana mkewe hajui kuchemsha maji? — aliuliza Rosemary.

— Na miezi ya joto alikuwa haligusi, — alisema Mzee Bakili polepole. — Alianza baridi ilipoanza.

Redio akachomoa mawe pale jikoni, akayachomeka. Redio iliyokuwa bubu tangu jana ikaanza kusoma habari. Spana aliitazama ile redio, akalitazama lile jiko, halafu akasimama.

— Mzee Bakili, naomba birika.

— Chukua.

— Na lile kubwa.

— Lile ndiyo maji ya kahawa yenu ya pili.

— Mzee wangu, naomba.

Akaenda mbio, birika huku na huku, koti likipepea. Kijiwe kikabaki na vikombe vitupu. Hakuna aliyepanga kampuni tena. Kisha kutoka mashineni wakasikia kikohozi, cha pili, cha tatu, halafu ule mluzi wa kikopo kinachochezea mdomo wa bomba la moshi, ambao Msamala nzima ilikuwa haijausikia tangu msiba. Rosemary alishabeba debe lake.

Spana alirudi akitembea kwa maringo, mikono yote miwili nje.

— Ulikuwa unajua? — aliuliza Waziri.

— Tangu juzi. Nilikuwa nawapima akili.

— Hayo malengelenge ndiyo kipimo?

— Umemwonyesha mtu? — aliuliza Mzee Bakili. — Usije nawe ukadondoka na siri kichwani.

— Tangi la maji la injini amelijaza Lidwina mwenyewe, maji ya moto. Hendeli nimeshika na Benigna, binti yake. Mimi sipo, wanasaga.

— Na Bartolomeo?

— Aje na mahindi yake. Apange foleni.

Wakacheka, wakanyoosha vikombe. Mzee Bakili akapindua birika kubwa, halikudondosha hata tone.

— Jiko langu ni moja, — alisema. — Kesho asubuhi nachemsha maji ya kahawa au ya mashine?

Kila mtu akachungulia kikombe chake.